Mafundi wa Maji wa Masisi na Walikale

Dimbwi likituama mbele ya nyumba, shauri la haraka ni kuchimba mfereji. Fundi wa maji wa Masisi au Walikale, mashariki mwa Kongo, hutafuta chanzo kwanza, na kwa hilo namheshimu. Katika milima ya Masisi, maji ya chemchemi hushushwa kwenye mabomba yaliyofukiwa, bila mashine. Walikale, penye msitu na mvua nyingi, ardhi yenyewe hutoa maji. Basi, ili kujua kama dimbwi latoka bombani au ardhini, fundi hufunga robine ya tangi na kungoja. Dimbwi likipungua, hupanda mteremko akifukua kiungo baada ya kiungo, maana maji yaliyovuja huweza kusafiri mbali juu ya tabaka la udongo wa mfinyanzi kabla ya kujitokeza. Lisipopungua, hukagua paa, barabara, choo cha jirani wa juu. Wapo wasemao huko ni kupoteza muda, kwani mvua itarudi tu. Lakini mfereji hauzibi ufa: msukumo ukishuka, bomba lililopasuka huweza kufyonza tope lilelile, na kipindupindu kikaingia ndoo za mtaa mzima. Kinga dhidi ya hayo yote hutegemea jembe, subira, na mchango mdogo wa kaya ambao wengi wetu huuchelewesha.