Pia Inayoelea Bila Umeme

Mwaka 1842 Mwingereza Samuel Earnshaw alithibitisha kwa hesabu kwamba sumaku ya kudumu haiwezi kuelea ikatulia juu ya nyingine. Ikizuiwa isianguke, itachepuka kando, au itapinduka na kunasa.

Tufe la dunia linaloelea kwenye meza za maofisa hukwepa kikwazo hicho kwa umeme. Juu ya fremu kuna koili, na kihisi hupima sumaku iliyo ndani ya tufe. Tufe likishuka, mkondo huongezwa. Likipanda, hupunguzwa, mara nyingi kila sekunde. Ni kazi safi, ila ukichomoa waya mchezo umekwisha.

Mimi huvutiwa zaidi na Levitron, pia ya sumaku iliyouzwa Marekani miaka ya 1990. Haina waya wala betri. Roy Harrigan wa Vermont, aliyepata hataza ya wazo hilo mwaka 1983, alikuwa ameambiwa na wanafizikia kwamba anapoteza muda. Lakini Earnshaw alizungumzia sumaku zilizotulia, na pia hii haitulii.

Unaizungushia juu ya bamba la plastiki lililolazwa kwenye kitako cha sumaku, kisha unainua bamba polepole mpaka pia ijiachie yenyewe, sentimita 3 hivi juu ya kitako. Wengi hudhani siri ni kwamba mzunguko unaizuia isipinduke. Hiyo ni nusu ya jibu. Mwaka 1996 mwanafizikia Michael Berry wa Chuo Kikuu cha Bristol alionyesha kuwa mhimili wa pia sharti uyumbe ukifuata mwelekeo wa uga wa sumaku kila inaposogea. Hapo ndipo uga unapoirudisha katikati. Kwa hiyo hata kasi ikizidi mno pia huanguka, maana mhimili hukakamaa usiweze kufuata. Hewa nayo huipunguza kasi, na baada ya dakika kama mbili iko chini.

Kinachowatoa watu jasho ni uzito wa pia, ambao lazima ulingane na nguvu ya sumaku. Sumaku za feraiti hupoteza takriban asilimia 0.2 ya nguvu kwa kila nyuzi moja ya joto inayoongezeka, hivyo uzito uliofaa asubuhi unaweza kukataa mchana. Ndiyo sababu pia hiyo iliuzwa pamoja na washa, yaani viringi vidogovidogo vya kuongeza uzito. Ikiruka juu, ongeza washa. Ikigoma kupanda, punguza. Ikikimbilia upande mmoja, inua mguu wa kitako wa upande huohuo.