Kwaya ya Wagonjwa wa Parkinson: Nguvu Iko Kwenye Mpangilio wa Mazoezi

Ukisema kuimba kwa pamoja kunawasaidia wagonjwa wa Parkinson, wengi hudhani ni suala la kuchangamshana tu. Furaha ipo, na ina thamani yake. Lakini mpango wa ParkinSong, uliobuniwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Melbourne, Australia, umeonyesha kwamba sauti ya mgonjwa hupata nguvu pale kuimba kunapopangwa kama tiba, kwa kipimo na kwa lengo.

Tuanze na tatizo lenyewe. Ugonjwa huu, ulioelezwa na daktari James Parkinson wa London mwaka 1817, huua seli za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayousaidia mwili kuanzisha mijongeo na kuipa kiasi chake. Tumezoea kuutambua kwa mikono kutetemeka na hatua kuwa fupi, ila misuli ya kifua na koo nayo huathirika. Mgonjwa huvuta hewa kidogo, nyuzi za sauti hazikutani sawasawa, maneno yanatoka hafifu. Kibaya zaidi, mwenyewe hajui. Anajisikia anaongea kama siku zote, na anashangaa mkewe anapomwomba arudie. Akipaza sauti hadi pale wengine wanapomsikia vizuri, yeye huona anafoka. Taratibu anaacha kupokea simu, na wenzake wakizungumza yeye hukaa kimya.

Levodopa, dawa kuu ya ugonjwa huu, huisaidia miguu na mikono kuliko inavyoisaidia sauti. Ndiyo maana mwishoni mwa miaka ya 1980 Lorraine Ramig na wenzake nchini Marekani walibuni tiba ya LSVT LOUD: mgonjwa mmoja na mtaalamu wake, vipindi 16 vya saa moja, siku nne kwa wiki kwa muda wa wiki nne. Agizo kuu ni moja: paza sauti. Tiba hiyo imethibitika kufaa, lakini mwezi ukiisha mgonjwa huachiwa kazi ya kujikumbusha peke yake.

Katika ParkinSong, juhudi hiyo kubwa ya sauti inafanywa na kikundi. Kipindi ni cha saa mbili, na si nyimbo mwanzo mwisho. Kuna mazoezi mazito ya pumzi, sauti na matamshi. Katika mazoezi ya namna hii mtu hujaza kifua hewa, hutoa “aaa” ndefu yenye nguvu, kisha huipandisha na kuishusha sauti hadi anapoweza kufika. Kuna nyimbo za pamoja, na kuna muda wa kuzungumza, ambapo sauti iliyopatikana kwenye mazoezi inatumika katika maongezi ya kawaida.

Wimbo wenyewe una kazi yake. Urefu wa mstari humlazimisha mwimbaji kupanga pumzi kabla hajafungua kinywa. Mapigo humpa ishara ya kuanza, ishara ambayo ubongo wake unashindwa kuitoa kwa wakati. Na sauti za wenzake humpa kiwango cha kufuata, kwa kuwa kipimo chake cha ndani kimepotoka.

Utafiti wa ParkinSong wa miezi mitatu ulihusisha watu 75. Walioimba walipata sauti yenye nguvu zaidi na msukumo mkubwa zaidi wa kutoa pumzi kuliko waliohudhuria vikundi vya shughuli nyingine. Waliokutana kila wiki walipata nguvu ya sauti zaidi kuliko waliokutana mara moja kwa mwezi. Udhaifu wake ni kwamba washiriki hawakugawanywa kwa bahati nasibu, hivyo huenda walioimba walikuwa na ari kubwa tangu mwanzo. Hata hivyo, Elizabeth Stegemöller wa Chuo Kikuu cha Iowa State naye aliona nguvu ya pumzi ikiongezeka baada ya wiki nane za kuimba. Hilo si dogo, kwa sababu misuli ya kusukuma pumzi ndiyo inayomwezesha mtu kukohoa chakula kinapopotea njia, na nimonia inayotokana na chakula kuingia mapafuni huwaua wengi wenye ugonjwa huu.

Anayetaka kuanzisha kikundi ahakikishe mambo matatu: mkutano uwe wa kila wiki, mazoezi ya pumzi na sauti yasirukwe hata muda ukibana, na anayeongoza awe ameelekezwa na mtaalamu wa tiba ya usemi au ya muziki. Dawa ziendelee kama daktari alivyoagiza. Kikundi kikiyakosa hayo kitawaburudisha wagonjwa, lakini huenda sauti zao zikaendelea kufifia.