Jina la Kikoa, Alama ya Biashara na Rajamu: Uhakiki wa Istilahi za Majina ya Mtandaoni

Tangu sheria ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2021 na Kiswahili kuwekwa kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania, istilahi imekuwa na uzito ambao haikuwa nao zamani. Neno lililochaguliwa kwa haraka na mfasiri leo laweza kusomwa kesho na hakimu, na mtu akapata au akakosa haki kwa sababu yake. Katika makala haya tunakusudia kuhakiki istilahi chache tu, nazo ni zile zinazotumika pale mtu anaposajili jina la mtandaoni lenye ndani yake jina la bidhaa mashuhuri ya mtu mwingine. Twadai kwamba hatari iliyomo katika tendo hilo hukuzwa na maneno tunayoliitia.

Tuchukue mfano wa kufikirika kutoka bonde la mto Mbwemkuru, katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa. Fundi mmoja hutengeneza simu za Samsung. Amesajili jina lake la biashara kihalali. Sasa anataka wateja wampate mtandaoni, naye anasajili jina linaloanza na Samsung, likifuatiwa na jina la mji wake na kuishia na .co.tz. Msajili anapokea ada na jina linatolewa. Fundi huyu anaamini, na ana sababu ya kuamini, kwamba amekwisha kupewa haki. Kwa nini aamini vinginevyo, ikiwa kila ofisi aliyoiendea imemwambia neno lile lile, ‘usajili’?

Hapa ndipo uhakiki wetu unapoanzia. Kuna madaftari matatu, nayo hayasomani. La kwanza ni la majina ya biashara. La pili ni la alama za biashara na huduma. Kwa Tanzania Bara yote mawili yako chini ya Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, BRELA, na Zanzibar ina sheria na ofisi yake. La tatu ni la majina ya mtandaoni ya .tz, ambalo mwaka 2006 liliundiwa chombo chake, tzNIC, na ambalo liko chini ya uangalizi wa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Jina la biashara humtambulisha mwenye duka ni nani. Alama ya biashara, kwa mujibu wa Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986, humpa mwenyewe haki ya kuwazuia wengine. Husajiliwa kwa miaka 7, kisha huhuishwa kwa miaka 10 kila mara. Jina la mtandaoni hupewa aliyetangulia kuomba, wala msajili hapimi kwanza kama ndani yake mna alama ya mtu.

Mkulima wa korosho wa bonde hilo atalielewa jambo hili upesi kuliko mtumishi wa ofisini. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze kutumika kwa korosho mwaka 2007, anajua kwamba stakabadhi huthibitisha nani aliyeleta magunia na kiasi gani. Haithibitishi kwamba mikorosho ilikuwa yake. Akitokea jirani kudai shamba, stakabadhi haimalizi ugomvi. Usajili wa jina la mtandaoni ni stakabadhi ya namna hiyo. Kwa hiyo tungependa watafsiri wasiandike ‘umiliki wa jina la mtandaoni’ pale ambapo mkataba wenyewe unazungumzia ruhusa ya kulitumia kwa muda uliolipiwa.

Tuje sasa kwenye neno ‘kikoa’, ambalo limeenea katika istilahi ‘jina la kikoa’. Kamusi zetu zinalijua neno hili kwa maana ya zamani: chakula cha pamoja ambacho wenzi hukitoa kwa zamu, leo huyu na kesho yule. Wapo wanaolikataa kwa hoja kwamba linatia fikra ya ushirika mahali penye haki ya mtu mmoja. Hoja hiyo ina nguvu, ila haitoshi kuliangusha. Sehemu ya .tz kwa hakika ni sinia moja ambalo wengi wanalizunguka, na kila mmoja ana mahali pake pa kukaa. Kasoro huanza pale tunapolifupisha na kusema ‘nimenunua kikoa’. Hakuna anunuaye sinia; anachopata ni nafasi. Tunapendekeza kwamba ‘kikoa’ libaki kwa eneo lote, kama .tz au .com, na ‘jina la kikoa’ litumike kwa ukamilifu wake kwa jina la mtu mmoja mmoja. Wala lisichanganywe na ‘tovuti’, ambayo ni kurasa zenyewe. Mtu aweza kuwa na jina la kikoa bila tovuti yoyote, na hata hivyo akashtakiwa.

Upande wa alama, hali ni ya vurugu zaidi. Katika maandishi ya kila siku ‘alama ya biashara’, ‘chapa’ na ‘nembo’ hubadilishana nafasi kana kwamba ni kitu kimoja. Nembo, katika asili yake, ni chale zilizochanjwa usoni au mwilini, desturi iliyojulikana sana miongoni mwa watu wa kusini, wakiwemo Wamakonde na Wamakua. Mtu alitambuliwa kwazo ni wa wapi. Ni jambo la kuonekana kwa macho. Anayefasiri alama ya biashara kuwa nembo humfanya msomaji adhani kwamba kinacholindwa ni mchoro pekee, naye fundi wetu atajitetea: ‘Mimi sikutumia mchoro wao, nimeandika neno tu.’ Utetezi huo haufai kitu, kwani neno tupu laweza kuwa alama.

La kusikitisha ni kwamba Kiswahili kilikuwa na neno lake kabla ya sheria hizi. Wafanyabiashara wa pwani waliita ‘rajamu’ ile alama iliyopigwa juu ya nguo ya jora kuonyesha imetoka wapi. Hatusemi kwamba ‘alama ya biashara’ iondolewe, kwa kuwa imekwisha kukaa katika sheria. Twasema kwamba mwalimu anayefundisha somo hili aanzie kwenye rajamu, kwa sababu inabeba wazo lililo kiini cha sheria nzima: mnunuzi asidanganywe kuhusu asili ya bidhaa.

Kuna tendo ambalo bado halijapata jina la Kiswahili lililotulia, nalo ni la kusajili jina la bidhaa mashuhuri ili kumwuzia mwenyewe kwa bei ya juu. Kisa kinachotajwa mara nyingi ni cha Dennis Toeppen wa Marekani, aliyesajili panavision.com mwaka 1995 na kuitaka kampuni ya Panavision impe dola 13,000. Mahakama ya rufani ilimkatalia mwaka 1998. Mwaka huo huo Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliamua shauri la One in a Million, la watu waliokuwa wamesajili majina ya Marks & Spencer, Sainsbury, Virgin na mengineyo, ikasema kwamba majina ya namna hiyo mikononi mwao ni chombo cha udanganyifu hata kabla hayajatumika. Hukumu za Uingereza si amri kwa mahakama zetu, lakini huzingatiwa. Baadhi ya watafsiri hulifasiri tendo hili kuwa ‘uvamizi’, kwa kufuata picha ya mtu aliyeingia katika nyumba isiyo yake. Sisi twaona kwamba Kiswahili kina neno linalolielewa vizuri zaidi: ‘ulanguzi’. Mlanguzi hahitaji bidhaa. Huificha hadi mwenye shida akubali bei. Kila aliyeishi Tanzania katika miaka ya 1980 analijua neno hilo na uchungu wake. Basi ‘ulanguzi wa majina’ utumike.

Hata hivyo, fundi wetu si mlanguzi, na istilahi nzuri ni ile inayomtofautisha. Tangu mwaka 1999 shirika la ICANN limeweka utaratibu wa kutatua migogoro ya majina kama ya .com. Mlalamikaji hana budi kuthibitisha mambo matatu: kwamba jina linafanana na alama yake kiasi cha kuwakanganya watu, kwamba aliyelisajili hana haki wala maslahi halali katika jina hilo, na kwamba lilisajiliwa na linatumiwa kwa kukosa uaminifu. Jambo hili la tatu hufasiriwa mara nyingi kuwa ‘nia mbaya’. Twalipinga. Nia mbaya katika Kiswahili ni chuki, ni kumtakia mtu madhara. Mlalamikiwa atajibu kwa moyo safi kwamba hana chuki na kampuni yoyote, na jibu lake litakuwa la kweli lakini nje ya swali. Kinachoulizwa ni kama alitaka kufaidika kwa sifa ya mwingine kwa ujanja. Neno lake ni ‘hila’, nasi twapendekeza ‘nia ya hila’.

Na je, fundi ana maslahi halali? Katika uamuzi wa mwaka 2001 kuhusu kampuni ya Oki Data ilikubaliwa kwamba muuzaji au mtengenezaji wa bidhaa za alama fulani aweza kutumia alama hiyo katika jina lake, ikiwa kweli anatoa huduma hiyo, anajishughulisha na bidhaa za alama hiyo tu, anaeleza wazi uhusiano wake na mwenye alama, na hakusanyi majina yote hadi mwenyewe akose. Fundi anayetengeneza simu za kila aina chini ya jina la Samsung ameshindwa katika sharti la pili, hata kama ni mwaminifu kuliko wote. Ni salama zaidi aweke jina lake mwenyewe katika jina la kikoa, na jina la simu alitaje ndani ya tovuti anapoeleza kazi yake.

Mambo ya utaratibu nayo yahitaji maneno sahihi. Katika utaratibu huo wa ICANN mlalamikiwa hupewa siku 20 za kujibu. Akishindwa, jina hufutwa au huhamishiwa kwa mlalamikaji, wala hatozwi fidia. Kituo cha Usuluhishi cha WIPO, ambacho hushughulikia mashauri mengi ya aina hii, hupokea pia mashauri ya .tz. Anayemwita mtu huyo ‘mshtakiwa’ humtia hofu ya jela, na mwenye hofu hukaa kimya hadi siku zipite.

Mwisho tulitazame jina la bonde lenyewe. Mto huu huandikwa Mbwemkuru, lakini katika maandishi ya kijiolojia kuhusu Tendaguru, ambako Wajerumani walichimbua mifupa ya kale kati ya 1909 na 1913, huandikwa Mbemkuru. Kwa wakazi wake ni maji yale yale. Kwa kompyuta ni majina mawili, na mtu aweza kulichukua lile ambalo chama cha wakulima kimeliacha. Kwa bidhaa mashuhuri, tendo la kusajili jina lililokosewa herufi moja ili kuwanasa wasomaji twaliita ‘mtego wa tahajia’. Mto si alama ya mtu, na kwa kanuni ya jumla ya sheria za alama jina la mahali halihodhiwi na mfanyabiashara mmoja; lakini chama kinachotaka kuuza ufuta au korosho kwa jina la bonde kitafanya busara kusajili tahajia zote mbili.

Kwa muhtasari, twapendekeza kwa Baraza na kwa watafsiri: ‘kikoa’ kwa eneo, ‘jina la kikoa’ kwa jina, ‘alama ya biashara’ isifasiriwe kuwa nembo, ‘ulanguzi wa majina’, ‘mtego wa tahajia’ na ‘nia ya hila’ viingizwe katika orodha ya istilahi, ‘mlalamikiwa’ atumike badala ya ‘mshtakiwa’, na katika kila fomu ya usajili wa jina la kikoa iongezwe sentensi moja ya Kiswahili chepesi: Kusajiliwa kwa jina hili hakuthibitishi kwamba halivunji haki ya alama ya mtu mwingine. Sentensi hiyo ingemtosha fundi wetu.