Tuite Nini Muziki Mpya wa Orkesta?

Siku hizi orkesta ikitoa nyimbo mpya, watu hawapatani juu ya jina. Mzee asema: «Wametoa diski.» Mtu wa makamo asema: «Wametoa kaseti», ijapokuwa nyimbo hizo hazikutiwa katika kaseti yoyote. Kijana asema: «Wametoa albamu», au «singo», wala hakuna kitu cha kushika mkononi, yote yamo katika simu. Nani asema sawa? Labda mtaona ni jambo dogo. Lakini jina lisilofaa lazaa hukumu isiyofaa, na hukumu hiyo yawadhulumu waimbaji pamoja na wasikilizaji.

Kwanza tutazame mambo yalivyokuwa. Sahani za zamani zilizunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja ulitosha dakika tatu hivi. Mwaka 1952 Hugh Tracey alinasa sauti na gitaa la Mwenda Jean Bosco huko Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, na wimbo wake «Masanga» ukaingia katika kipimo hicho. Wakati ule jina halikuleta shida: aliyenunua sahani alinunua wimbo upande huu na wimbo upande wa pili, basi.

Na neno albamu? Asili yake ni Kilatini, albus, maana yake nyeupe. Kwa Waroma album ilikuwa ubao mweupe wa kuandikia matangazo. Baadaye likawa jina la kitabu chenye kurasa tupu, kama kile tunachotia picha za arusi. Wauza sahani nao wakafunga sahani kadhaa katika kitabu chenye mifuko ya karatasi, wakakiita albamu. Mwaka 1948 kampuni ya Columbia ya Marekani ikaleta sahani kubwa ya mizunguko 33 na theluthi, upande mmoja ukichukua dakika 20 na zaidi. Kitabu kizima kikaingia katika sahani moja, lakini jina likabaki. Mwaka 1949 RCA Victor ikaleta sahani ndogo ya mizunguko 45, na kwa hiyo tukapata singo. Kisha ikaja kaseti ya Philips mwaka 1963, CD mwaka 1982, na duka la iTunes katika intaneti mwaka 2003.

Angalieni vema: tangu mwanzo albamu haikuwa jina la chombo. Ilikuwa jina la kufunga vitu pamoja.

Basi tupime maoni matatu ya watu. Wa kwanza wataka muziki uitwe kwa jina la chombo chake. Hao waheshimu mazoea, lakini vyombo vyachakaa na nyimbo zaendelea. Mtungi ukivunjika, maji yaliyokwisha kuhamishwa hayageuki jina.

Wa pili wahesabu nyimbo na dakika: zikiwa chache ni singo, zikiwa nyingi ni albamu. Hesabu hii yamfaa mwenye duka, haimfai mwenye kupima kazi. Katika sahani za Kinshasa za mizunguko 45, mara nyingi wimbo mmoja ulikatwa vipande viwili: maneno upande wa kwanza, seben ya kucheza upande wa pili. Je, hizo ni nyimbo mbili? Mwaka 1985 Franco na TP OK Jazz walitoa «Mario», wimbo mmoja unaopita dakika 10. Ahesabuye nyimbo tu ataona uchache. Asikilizaye ataona hadithi nzima ya kijana anayekula mali ya mwanamke mwenye umri mkubwa. Tena mwaka 2014 gazeti la Billboard la Marekani lilianza kuhesabu kusikilizwa mara 1,500 katika intaneti kuwa sawa na kununuliwa albamu moja, hata kama ni wimbo uleule uliorudiwa. Hapo albamu imegeuka kuwa kipimo, kama kilo ya chumvi.

Wa tatu wasema: tuite yote «toleo», yatosha. Neno hilo ni zuri, na ni Kiswahili safi. Kasoro yake ni kwamba latuambia tu kuwa kitu kimetoka. Halituambii ni kitu gani. Hata gazeti lina toleo.

Kwa maoni yangu yafaa tushike maneno matatu. Singo ni wimbo uliotumwa peke yake. Albamu ni nyimbo ambazo mtungaji mwenyewe amezifunga ili zisikilizwe pamoja. Mkusanyo ni nyimbo zilizookotwa baadaye, pengine na mkono wa mtu mwingine. Chombo kiwe chochote, maneno haya hayabadiliki.

Tuyajaribu. «Indépendance Cha Cha» ya Joseph Kabasele na African Jazz ilizaliwa Bruxelles mwaka 1960, wakati wa mkutano wa Meza ya Duara. Ilitembea peke yake, ikapita mipaka ya Kongo. Ni singo, wala si ndogo kwa sababu hiyo. Leo twaikuta katika mikusanyo mingi, lakini hakuna hata mmoja ulio albamu yake. Kinyume chake ni Missa Luba, iliyoanzia Kamina kwa Padri Guido Haazen na waimbaji wake, ikatiwa katika sahani mwaka 1958. Sanctus yake ilisikika katika filamu ya Kiingereza «If....» ya mwaka 1968, na wengi waijua hiyo tu. Lakini Misa yaanza na Kyrie, yaishia Agnus Dei. Aliyesikia Sanctus peke yake ameona paja, hajamwona mbuzi.

Jambo hili latugusa hata parokiani. Waimbaji wakiomba mchango wa franka kwa ajili ya albamu, watu hutoa wakitumaini kazi iliyofungwa vema, yenye mwanzo na mwisho. Wakipewa wimbo mmoja katika simu, watanung'unika, hata kama wimbo ni mtamu. Kosa halimo katika wimbo, limo katika jina, kwa maana jina ni ahadi. Wangalisema «wimbo mmoja» tangu mwanzo, kila mtu angalifurahi.

Na sisi wasikilizaji tuna wajibu wetu. Simu yapenda kuchanganya nyimbo ovyo na kuruka hapa na pale. Orkesta ikisema imetoa albamu, tuisikilize walau mara moja kwa utaratibu ulioipanga, toka wimbo wa kwanza hata wa mwisho. Tukiona nyimbo zapokeana, tuseme ni albamu kweli. Tukiona zimerundikwa tu, tuseme ni rundo, na tuwaambie kwa upole warudi kufunga mzigo wao.