Springi Haina Kosa

Juzi kwenye maonyesho ya mafundi nilimkuta mtu amezungukwa na umati, anakata karatasi hewani kwa kisu kilichosuguliwa mpaka unajiona uso, mpini umechongwa kichwa cha chui, na watu wanapiga makofi. Karatasi! Hata kipande cha bati ukikinoa vizuri kitakata karatasi, mara mbili au tatu. Kilichoniudhi zaidi ni jibu lake mama mmoja alipolalamika kwamba kisu alichomuuzia mwaka jana hakikai na makali. Springi za magari tunazofulia visu siku hizi, alisema, si kama za zamani. Na watu wakatikisa vichwa kukubali.

Maneno hayo utayasikia Gerezani, utayasikia Kamukunji, kila palipo na fuawe. Yanamsingizia asiyeweza kujitetea. Springi za Bedford na Land Rover zilizowalisha wahunzi wetu miaka ile zilikuwa kwa kawaida za chuma chenye silikoni na manganizi. Za malori ya Kijapani yaliyokuja baadaye mara nyingi ni za manganizi na kromiamu. Lakini kaboni, ambayo ndiyo inayokifanya chuma kikaze, haijaondoka: ni kati ya asilimia 0.5 na 0.65 hivi, huko na huku. Nondo ya ujenzi kwa kawaida haifiki hata nusu ya hapo. Aliyefua kisu cha springi mwaka 1975 na anayefua leo wameshika chuma cha daraja moja, na vyote viwili vinataka kupozwa kwa oili, si maji. Fundi anayechovya kwenye ndoo ya maji kwa haraka zake anajitafutia ufa, kisha anailaumu Japani. Kuna pia suala la jani la springi lililovunjikia barabarani. Lina nyufa ndogo usizoziona, na mwenye akili hukata mbali na palipovunjika, mbali pia na tundu la katikati. Hilo nalo ni la tangu zamani.

Kilichobadilika ni grenda.

Kisu kikitoka kwenye oili ni kigumu lakini kikavu. Kikianguka sakafuni kinaweza kukatika vipande. Ndiyo maana hurudishwa kwenye moto mdogo mpaka rangi ipande juu ya chuma: manjano ya majani makavu kwenye nyuzi 220 hivi, kahawia kwenye 250, zambarau kwenye 280, buluu ikikaribia 300. Kisu cha bucha kiishie kwenye manjano, kisipite kahawia. Panga litapigwa kwenye visiki, basi liende hadi zambarau, hata buluu. Zamani, baada ya hapo, makali yalimaliziwa kwenye jiwe la maji, taratibu, jioni nzima. Leo fundi anashika grenda. Cheche zinaruka, kazi inakwisha dakika tano, na pale chuma kilipo chembamba kuliko kote joto linapanda kufumba na kufumbua, kwa sababu halina pa kukimbilia.

Pale ni nchani. Mnunuzi huangalia bapa, huangalia mpini, hupitisha kidole gumba kwenye makali katikati ya kisu, kisha hutoa pesa. Nchani haangalii. Wewe kipeleke kisu dirishani, kilaze kidogo kidogo mpaka mwanga uteleze juu ya makali, ufuate mstari huo toka shinani hadi upana wa vidole viwili vya mwisho. Ukiona kivuli cha buluu chembamba kikiandamana na makali, kinapanuka kadiri kinavyokaribia ncha, chuma hicho kimeungua. Kisu hicho kitakata nyama vizuri shinani na kitakataa kuchuna ngozi kwa ncha, na mwenye bucha atakinoa kila asubuhi bila kujua kwamba ananoa chuma kilicholegea. Wakati mwingine buluu haijifichi kabisa, na bado nimesikia watu wakiisifu kuwa ni pambo.

Walaghai wanaijua vizuri. Nimemwona mmoja akiifuta kwa msasa laini na tone la mafuta, kisha anamkabidhi mteja tupa ajaribu mwenyewe, shinani! Tupa ikateleza kama inavyopaswa kwenye chuma kilichokazwa, mteja akaridhika. Rangi inafutika, ulegevu haufutiki. Kwa hiyo tupa iguse sehemu tatu: shinani, katikati, nchani. Ikiteleza huku na kung'ata kule, rudisha. Au chukua msumari mnene, ulaze makali juu yake, ukandamize kidogo na kutazama. Makali mazuri hupinda kidogo na kurudi. Yaliyoungua hulala yakabaki yamelala. Yasiyorudishwa motoni humeguka.

Mzee mmoja wa Gerezani aliyenifundisha kutazama alikuwa akipeleka kisu kwenye jiwe kwa mikono mitupu, vidole viko karibu na makali, na ndoo ya maji pembeni. Vidole vikihisi joto, kisu kiko majini. Alisema fundi anayevaa glavu wakati wa kunoa amekwisha kuharibu. Alifulia chini ya paa lenye giza, kwa sababu rangi ya moto haisomeki juani: chuma kinachoonekana chekundu cha wastani saa sita mchana tayari kimepitiliza. Leo nusu ya karakana ziko wazi barabarani, na hakuna anayehoji.

Nikimkumbuka huwakumbuka na Wapare, waliokuwa wakiyeyusha chuma chao wenyewe na kuwauzia Wachaga, na Wahaya, ambao tanuri zao za kale kule Kagera zilitoa chuma chenye kaboni kabla lori halijafikiriwa duniani. Walikuwa na macho. Watoto wao tuna mapanga ya bati la pipa yaliyogongwa alama ya mamba, ili mnunuzi adhani ni ya Martindale wa Birmingham. Ni aibu.

Mengine ni mepesi. Msuka ufike nusu ya mpini au zaidi. Noleo liwe la shaba. Mpini uwe wa mti mgumu, usiopakwa vanishi, kwa sababu vanishi inateleza mkono ukiwa na damu. Wa plastiki sitaki kuusikia. Mgongo upungue unene kwenda nchani, na usiwe mnene kupita sarafu mbili zilizopandana. Kisu cha kazi hakipaswi kung'aa. Kikishang'aa, jiulize kilifutwa nini.

Kama umeshakinunua na buluu yake, usikitupe. Kipeleke kwenye jiwe la maji, si grenda, ule makali kuelekea ndani mpaka tupa iteleze tena nchani. Mara nyingi unene wa punje ya mchele unatosha. Kisu kitakuwa chembamba kidogo kuliko ulivyokilipia.