Kitabu cha Padri Sivalon na Fardhi Tuliyoiacha: Makanisa ya Singida katika Mizani ya Fiqhi

Sifa zote njema ni za Allah (s.w.), na rehma na amani zimshukie Mtume Muhammad (s.a.w.), Ahli zake na Masahaba zake wote.

Ni vitabu vichache vilivyoandikwa na wasio Waislamu vilivyotajwa sana katika mihadhara ya Waislamu wa Tanzania Bara kama kile cha Padri John C. Sivalon, *Kanisa Katoliki na Siasa ya Tanzania Bara 1953 hadi 1985*, kilichochapishwa Ndanda mwaka 1992. Mwandishi wake ni Mmarekani wa shirika la Maryknoll, aliyefundisha sosholojia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kitabu hicho kimesomwa juu ya mimbari, kimerekodiwa katika kanda, na kimenukuliwa katika maandishi mengi ya kutetea haki za Waislamu.

Makala haya yanakusudia kukipima. Kimesema nini, kimeacha nini, na sisi tumekitumiaje? Tutakipima kwa mkoa mmoja, Singida, kwa sababu huko kazi ya makanisa haihitaji kutafutwa katika nyaraka. Anayesafiri kutoka Manyoni mpaka Iramba huiona kwa macho yake, ikiwa ni shule na hospitali.

Ni ikrari, ushahidi au rai?

Sivalon anaanzia mwaka 1953, mwaka ambao maaskofu Wakatoliki wa Tanganyika walitoa waraka wa kichungaji kuhusu Waafrika na maisha ya Kikristo wakati harakati za kudai uhuru zikianza kupata nguvu. Kutoka hapo anafuatilia jinsi viongozi wa Kanisa lake walivyoyatazama mabadiliko ya siasa: uhuru, chama kimoja na Azimio la Arusha la mwaka 1967. Anaonyesha kwamba walikuwa na hofu ya ukomunisti na hofu ya Uislamu, na kwamba waliona elimu na malezi ya waumini walei kuwa njia ya Kanisa kubaki na sauti katika nchi huru.

Mwandishi ana sifa mbili zinazostahili kutajwa. Kwanza, ameandika kwa Kiswahili, lugha ya watu ambao habari hii inawahusu. Pili, hakuificha nyumba yake. Padri aliyeandika hayo kuhusu Kanisa lake anastahiki kusomwa kwa insafu, na insafu ni amri: katika Suratul Maida, aya ya 8, Allah (s.w.) anatukataza kuacha uadilifu kwa sababu ya chuki baina yetu na watu.

Sasa tuutazame usomaji wetu. Wazungumzaji wengi hukitaja kitabu hiki kama ikrari: "Kanisa lenyewe limekiri." Mwanafunzi wa fiqhi anajua kwamba ikrari ina masharti, na kwamba ni hoja yenye mipaka, humfunga aliyekiri wala haimvuki kwenda kwa mwingine. Nyaraka za maaskofu alizozitumia Sivalon ni ikrari ya waliozitoa. Takwimu na matukio anayoyasimulia ni habari, na habari hupimwa kwa njia zake. Uchambuzi wake ni rai ya mtafiti mmoja, ambaye hakuwa msemaji wa maaskofu. Tumezichanganya daraja hizi tatu, tukaifanya rai kuwa ikrari, kisha tukaivusha ikrari ya Wakatoliki ikawafunga Wakristo wote.

Singida hakuna Kanisa moja

Mkoa wa Singida unalionyesha kosa hilo waziwazi. Iramba, waliojenga ni Waluteri. Kuanzia miaka ya 1920 walikuja wamisionari wa Sinodi ya Augustana, kanisa la Wamarekani wenye asili ya Sweden. Hospitali ya Iambi ni ya Waluteri mpaka leo, na chuo cha ualimu cha Kinampanda, ambacho sasa ni cha Serikali, kilianza mikononi mwa wamisionari hao. Kilimatinde, palipokuwa na boma la Wajerumani, hospitali ni ya Waanglikana. Itigi, kwenye reli ya kati, Hospitali ya Mtakatifu Gaspar ni ya Wamisionari wa Damu Azizi. Makiungu, upande wa Unyaturu, hospitali ilianzishwa mwaka 1954 na masista wa Medical Missionaries of Mary. Jimbo Katoliki la Singida lenyewe liliundwa mwaka 1972, miaka 18 baada ya hospitali hiyo kuanza.

Ndugu msomaji autazame mpangilio huo. Makanisa haya hayakuwa na kiti kimoja wala fedha moja, na mara nyingi yaligombania vijiji. Hakukuwa na askofu mmoja aliyekaa Dar es Salaam akagawa Singida kwa ramani. Yaliyafanana katika jambo moja tu: kila palipojengwa kanisa, pembeni yake paliwekwa darasa au zahanati. Jambo hili halielezwi na kitabu chenye kuwatazama maaskofu na wakubwa wa chama. Mtu akisoma Sivalon peke yake atadhani kwamba nguvu ya Kanisa ilitoka katika mazungumzo na Ikulu. Akifika Iambi au Makiungu atakuta kwamba kulikuwa na nguvu nyingine iliyotangulia, nayo ni kule kuhitajiwa na watu.

Mkono wa dola

Hatusemi kwamba dola haikuwa na mkono. Mwingereza alitoa ruzuku kwa shule za misheni zilizofuata masharti yake, na vyuo vya Qur'ani havikuhesabiwa kuwa shule. Mtoto wa Kiislamu aliyetaka elimu ya sekondari mara nyingi alikuta mlango ni wa misheni. Baada ya uhuru, Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliziweka shule hizo mikononi mwa Serikali, na vijana wengi wa Kiislamu walipata nafasi ambayo wazee wao hawakuipata. Lakini kabla ya sheria hiyo, Desemba 1968, Serikali ilikuwa imeipiga marufuku EAMWS, jumuiya iliyoanzishwa mwaka 1945 na iliyokuwa ikijenga shule na misikiti, na BAKWATA ikachukua nafasi yake. Makanisa yalipoteza shule yakabaki na taasisi zao. Waislamu walipoteza taasisi yenyewe. Tofauti hiyo ni kubwa, na mwanahistoria mwadilifu hawezi kuipita.

Kisha ukaja mwaka 1992. Tarehe 21 Februari Serikali ilitia saini hati ya makubaliano na Baraza la Maaskofu Katoliki na Jumuiya ya Kikristo kuhusu huduma za elimu na afya. Kitabu cha Sivalon kilitoka mwaka huo huo, lakini hesabu yake inaishia 1985. Kwa hiyo msomaji hapati humo jambo ambalo Waislamu wamelilalamikia kuliko yote. Malalamiko hayo yana msingi. Fedha ya umma ni ya raia wote, na mpango unaowaingiza wenye dini moja kwenye meza ya bajeti bila kuwawekea wengine kiti unastahili kuhojiwa kwa sheria na kwa hoja.

Lakini tujiulize swali ambalo halikuulizwa katika mihadhara. Kama makubaliano hayo yangefunguliwa kesho, na Waislamu wakaambiwa leteni orodha ya hospitali zenu zipate watumishi na ruzuku, kila wilaya ya Singida ingeandika majina mangapi? Kila imamu ahesabu za wilayani kwake. Ruzuku hufuata kitu kilichokwishasimama. Mfumo wa hospitali teule, ambao Serikali hulipa hospitali ya taasisi binafsi ifanye kazi ya hospitali ya wilaya, ulizikuta hospitali za misheni zikiwa zimekwishajengwa.

Hali ni hiyo hiyo katika siasa. Mwaka 2009 Kanisa Katoliki lilitoa waraka kuelekea uchaguzi wa 2010, na Shura ya Maimamu ikajibu kwa Mwongozo wake. Mwaka 2018 maaskofu Wakatoliki, kisha Waluteri, waliikosoa Serikali hadharani. Agosti 2023 maaskofu Wakatoliki walipinga mkataba wa bandari. Mtu anaweza kukubaliana nao au kuwapinga. Lakini matukio hayo yanatufundisha kwamba kauli iliyoko madhabahuni husikilizwa na wakubwa kwa sababu nyuma yake kuna shule, hospitali na vyuo ambavyo nchi haiwezi kuvikosa hata kwa wiki moja.

Mama mjamzito na hukumu yake

Hapa ndipo fiqhi inapotufikia. Mama wa Kiislamu wa kijiji cha jirani na Makiungu akishikwa na uchungu anapelekwa Makiungu. Je, ana dhambi? Hana. Baadhi ya mafaqihi wetu wa Kishafii, walipopanga nani amtibu mwanamke, walimtanguliza tabibu mwanamke Mwislamu, na akikosekana, wakamweka mwanamke asiye Mwislamu mbele ya mwanamume Mwislamu asiye maharimu. Kunufaika na ujuzi wa asiye Mwislamu pia kuna asili katika Sira: Mtume (s.a.w.) alimwajiri Abdullah bin Urayqit, aliyekuwa mushriki, awe kiongozi wa njia katika Hijra, na imepokewa kwamba baadhi ya mateka wa Badri walijikomboa kwa kuwafundisha kuandika watoto wa Ansari. Basi mama huyo na waliomhudumia hawana lawama; waliomhudumia wanastahiki shukrani.

Lawama iko kwingine. Utabibu ni fardhi kifaya. Wakiisimamia baadhi, wengine husalimika. Wakiiacha wote, hupata dhambi kila mwenye uwezo aliyeiacha. Imam Ghazali ameligusa jambo hili katika mlango wa elimu wa *Ihyaa*. Alilalamika kwamba ipo miji isiyokuwa na tabibu ila katika Ahlu dhimma, ambao ushahidi wao haukubaliwi katika hukumu za kisheria zinazohusu tiba, na pamoja na hayo watu hawaishughulikii elimu hiyo, bali wanasongamana katika fiqhi, hasa katika masuala ya khilafu na mijadala. Imenukuliwa pia kwamba Imam Shafii alisikitika kuona Waislamu wameiachia elimu ya tiba watu wa Kitabu.

Ghazali hakumlaumu tabibu asiye Mwislamu kwa kutibu. Hakuuita utabibu wake njama. Aliwageukia wanafunzi wa dini na kuwauliza walikuwa wapi. Na swali lake lina uzito wa ibada. Anapokuja mjamzito kwa imamu wa Singida kuuliza kama afungue Ramadhani kwa sababu ameambiwa kwamba saumu itamdhuru, imamu huyo anakumbuka sharti la tabibu Mwislamu mwaminifu lililomo katika vitabu vyetu, na anatazama kulia na kushoto.

Wenzetu, kwa upande wao, walipoona haja waliibadilisha hata kanuni yao. Kwa muda mrefu Kanisa Katoliki lilikuwa likiwazuia masista kushughulika na kazi ya uzalishaji. Mwaka 1936 Roma iliwaruhusu. Mwaka uliofuata, 1937, Mary Martin wa Ireland alianzisha Medical Missionaries of Mary, na miaka 17 baadaye wanawake hao walikuwa Makiungu. Sheria yetu haikupata kumzuia mwanamke kuwazalisha wenzake, ilimtanguliza. Ruhusa tulikuwa nayo tangu mwanzo, hatukuijengea nyumba.

Dawa tunayo

Sheria ya nyumba hiyo inaitwa wakfu. Sayyidna Umar (r.a.) aliiweka wakfu ardhi yake ya Khaybar kwa shauri la Mtume (s.a.w.). Sayyidna Uthman (r.a.) alikinunua kisima cha Ruma akakitoa kwa Waislamu. Nuruddin Zangi alijenga hospitali Damascus mwaka 1154, na Sultani Qalawun akajenga ya Cairo mwaka 1284, nazo ziliendeshwa kwa mapato ya wakfu. Huku kwetu, Al-Jamiatul Islamiyya iliyoundwa Dar es Salaam mwaka 1933 ilijenga shule kwa michango ya watu wa kawaida. Aliyesema kwamba jambo hili haliko katika desturi yetu hakuisoma historia yake.

Tahadhari moja ya kifiqhi inahitajika. Jamhuri ya wanazuoni wa madhehebu manne hawaruhusu Zaka kujengea majengo, kwa kuwa Zaka ni haki ya watu wanaotajwa katika Suratut Tawba, aya ya 60. Kwa hiyo asitokee mtu akaikusanya Zaka ya wakulima wa alizeti wa Iramba na kuitia katika tofali. Njia ni wakfu na sadaka yenye kuendelea: shamba, nyumba ya kupangisha, mashine ya kukamua mafuta, ambavyo asili yake inabaki na mapato yake yanalipa ada ya binti anayesomea ukunga au ualimu. Hati iandikwe kwa jina la bodi ya wadhamini iliyosajiliwa, isiwe kwa jina la sheikh mmoja, kwani wakfu mwingi umepotea pale msimamizi alipofariki na warithi wakadhani ni mali yake.

Kitabu cha Sivalon kiendelee kusomwa. Ni kitabu chenye faida, na kwa upande wa maaskofu kimethibitisha mengi yaliyokuwa yakinong'onwa. Lakini kisomwe kwa daraja zake, kiwafunge wale tu kinaowahusu, na msomaji akumbuke kwamba kimeandika habari za mezani na kuacha za wodini. Kudai haki kwa dola ni wajibu na kusimamisha fardhi kifaya ni wajibu. Wa kwanza haumwondoshei mtu wa pili. Siku ya Kiyama hatutaulizwa Makiungu ilijengwa na nani. Tutaulizwa tulifanya nini na uwezo tuliopewa.

Wallahu aalam, wabillahi tawfiq.