Kompyuta Kuu Isiyofuja Umeme: Namna ya Kuitambua Pwani

Ubora wa kompyuta kuu ya kuigia mambo ya sayansi, iwe mikondo ya bahari au uenezi wa malaria, hupimwa kwa umeme unaoliwa hadi jibu lipatikane. Frontier ya Marekani, iliyovuka hesabu bilioni bilioni kwa sekunde mwaka 2022, ilikula takriban megawati 21. Mtambo wa jua wa Malindi, ulioko Langobaya katika Kaunti ya Kilifi, pwani ya Kenya, una uwezo wa kilele wa megawati 52. Adhuhuri ya jua kali, karibu nusu ya umeme huo ingemezwa na mashine moja. Usiku isingepata kitu.

Kipimo kinachotajwa kwanza ni cha orodha ya Green500, iliyoanza mwaka 2007: hesabu ngapi kwa sekunde kwa kila wati. Frontier ilipata bilioni 52, Fugaku ya Japani karibu 15. Mjuzi haishii hapo. Jaribio la orodha hiyo ni kazi ambayo prosesa huitafuna bila kungoja, ilhali programu za hewa na bahari huiacha ikisubiri namba zitoke kwenye kumbukumbu, na safari hiyo hula umeme mwingi kuliko hesabu yenyewe. Katika HPCG, jaribio linalokaribia kazi hizo, Frontier ilifika petaflopi 14 (petaflopi moja ni hesabu milioni bilioni kwa sekunde), kama sehemu moja kwa mia ya kasi yake. Fugaku, ambayo kumbukumbu yake imekaa ubavuni mwa prosesa, ilifika 16. Basi mnunuzi aiendeshe programu yake mwenyewe kwenye mashine anayoonyeshwa, kisha asome kilowati-saa. Airudie kwa mwendo wa prosesa uliopunguzwa: programu inayongoja kumbukumbu huchelewa kidogo tu, na umeme hushuka sana.

Pwani ya Kilifi, mtihani mgumu ni joto. Kiyoyozi kinachopoza chumba kizima ndiyo njia mbovu kuliko zote, kwa kuwa hutumia umeme pia kuukausha unyevu wa bahari, na upepo wa chumvi hula vibati vyake vya alumini. Maji yanayopita juu ya prosesa ni bora, na swali la kuuliza ni yaingie yakiwa na nyuzi ngapi. Frontier hupokea maji ya nyuzi 32. Hapa mnara wa kupozea unaweza kuzifikia nyuzi hizo bila mashine ya ubaridi, lakini hupoteza maji kwa mvuke, na maji ya kunywa si ya kuchezea Kilifi. Mashine inayostahimili nyuzi 40, kama SuperMUC ya Ujerumani ilivyoonyesha mwaka 2012, huhitaji rejeta na feni tu, maana hewa ya hapa ni nadra kufika 35 hata wakati wa kaskazi.

Kwa kundi dogo la seva, la kadiri inayofaa taasisi ya utafiti mjini Kilifi, sikio husaidia. Feni ikipunguzwa mwendo kwa nusu, hula takriban sehemu moja kwa nane ya umeme. Chumba kinachovuma kama ndege kina feni zinazofidia usanifu mbaya.

Mita nayo isomwe kwenye waya unaoingia jengoni, si kwenye kabati la seva, ili pampu, feni na betri za akiba zihesabiwe pamoja na saa ambazo seva zimewashwa bila kazi.